Kiti Nyuma ya Nguzo

Sajenti alianza na sakafu.

Mtu akiingia darasani macho yake hukimbilia ubao. Yeye aliinamisha kichwa, akapita kati ya viti mstari kwa mstari mpaka kona ya mwisho, penye nguzo nene ya zege. Hapo, kando ya kiti chenye kibandiko cha namba kumi na saba, vigae vilikuwa na mikwaruzo minne mirefu, yote ikielekea kushoto. Kiti chenyewe kilikuwa kimetulia mahali pake, nyuma ya nguzo.

Akakikalia. Mbele yake palikuwa na zege lililopakwa rangi ya maziwa. Ubao hakuuona, hata pembe yake.

"Hiyo nafasi mbaya," alisema Msajili wa chuo kutoka mlangoni. Alikuwa mama wa makamo, nadhifu, miwani ikining'inia shingoni.

"Kwenye orodha yako ina mtu."

Msajili akafunua faili. "Kumi na saba ni Godoro."

"Nani?"

"Ndivyo wanavyoitwa hapa. Profesa, mkuu wa chuo, alitaka kila meneja aitwe kwa kile anachokiuza, ati aifikirie biashara yake hata akiwa kwenye chai. Tuna Saruji, tuna Bima, tuna Sabuni. Godoro ni naibu meneja mkuu wa kiwanda cha magodoro."

"Amekaa hapa muda gani?"

"Miaka miwili, kila Jumamosi na kila Jumapili. Hajakosa hata siku moja."

Sajenti akaandika. Alikuwa mwanamke mfupi asiye na haraka, na kituoni walimwita Taratibu, wengine kwa heshima, wengine kwa kumcheka.

Chuo kilikuwa ghorofa ya pili, juu ya duka la vigae. Kilifundisha shahada ya uzamili ya uongozi wa biashara kwa mameneja walio kazini. Jana, Jumamosi, ilikuwa siku ya mtihani wao wa mwisho. Asubuhi bahasha ya mitihani ilikutwa imechanwa chini na kubandikwa tena kwa gundi. Walipopekua jengo, karatasi yenye maswali ilikutwa ndani ya ndoo ya taka, kwenye kabati la mafagio. Mwenye ndoo ni mfagiaji wa chuo, mama aliyeitwa na wote Mama Deki. Alilala mahabusu. Kesho saa tatu asubuhi angefikishwa mahakamani, na kwa kuwa hakuwa na mtu wa kumdhamini, kutoka hapo ni gerezani kungoja kesi.

"Kesi imeshajifunga yenyewe," Mkuu wa Kituo alikuwa amemwambia Sajenti asubuhi. "Wewe kaza tu kamba. Nakupa leo."

Sajenti akatoa mfuko wa plastiki wenye karatasi ile ya kwenye ndoo, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha. Haikuwa imetolewa kwenye bahasha. Ilikuwa picha iliyopigwa kwa simu, kisha ikachapwa. Maandishi yalikuwa yamelala upande, weupe umegeuka kijivu, na kwenye pembe ya chini lilionekana dole gumba la aliyeshikilia ukurasa. Ukucha wake ulikuwa mweusi, umepasuka katikati.

"Kabati la chuma la mitihani, ufunguo unakaa wapi?"

"Ninao mimi."

"Na wa akiba?"

Msajili akavaa miwani, akaivua. "Kwenye kopo la kalamu, mezani kwangu."

Wakaenda kuutazama. Mbele ya meza ya Msajili kulikuwa na benchi ambalo mwanafunzi hukaa akingoja kuhudumiwa. Sajenti akakaa kwenye benchi. Kopo la kalamu lilikuwa sawasawa na macho yake.

"Ijumaa saa kumi jioni ulikuwa wapi?"

"Nilishuka kuwapokea wasimamizi. Safari hii chuo kikuu kinachotoa shahada kimeleta wasimamizi wake, na orodha yenye picha ya kila mtahiniwa. Tulitangaza wiki mbili zilizopita."

"Zamani je?"

"Zamani tulikuwa tunaaminiana," alisema Msajili.

*

Mama Deki aliletwa chumba cha maelezo akiwa peku. Kabla hajakaa alipitisha kiganja juu ya benchi, akakitazama, akajifuta.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nyumbani mmefika?"

"Nilipita asubuhi. Jirani yako yupo naye."

Mama mzazi wa Mama Deki alikuwa na mwaka wa tatu kitandani, hawezi kujigeuza. Kila baada ya saa chache lazima mtu amlaze ubavu mwingine, la sivyo ngozi inachanika.

"Amesema atamgeuza mpaka lini?"

"Mpaka kesho asubuhi. Halafu naye anarudi kazini kwake."

Mama Deki akatikisa kichwa kama mtu aliyetajiwa saa ya basi. "Uliza, basi."

"Rudia habari ya Ijumaa."

"Niliisema jana. Wale vijana wenu walicheka."

"Mimi sicheki."

"Saa kumi nilikuwa napiga deki kolido. Akaja Godoro. Akaniamkia, akasema kasahau koti ofisini kwa Msajili. Nikamfungulia kwa ufunguo wangu wa usafi, wa milango yote, nikaendelea na kazi yangu. Akatoka na koti mkononi, akasema ahsante mama."

"Alikaa ndani muda gani?"

"Ndoo moja na nusu."

"Ndoo moja ni dakika ngapi?"

"Kolido lote ni ndoo mbili. Nikikazana, nusu saa."

Sajenti akaandika. Kisha akainua kalamu. "Mama, ulikuwa na ruhusa ya kumfungulia mtu ile ofisi?"

"Hapana."

"Nikiandika hivyo unajifunga mwenyewe."

"Andika. Nikianza kupunguza maneno, hata ya kweli hamtayaamini. Nilimfungulia kwa mkono wangu huu."

Sajenti akaandika kama alivyoambiwa. Halafu akakunjua gazeti la jana. Ukurasa wa tano ulikuwa na picha ya watu saba kwenye mkutano wa Ijumaa, mji mwingine, mwendo wa saa nne kwa gari. Picha hiyo ndiyo iliyowafanya wenzake wacheke. Maelezo chini yake yalimtaja naibu meneja mkuu wa kiwanda cha magodoro kuwa ndiye aliyesimama katikati.

"Nionyeshe Godoro."

Mama Deki akalivuta gazeti karibu na pua, akalipeleka mbali. "Hayupo."

"Huyu mwenye tai je?"

"Huyu simjui. Nani huyu?"

Tangu jana askari wanne walikuwa wameusoma ukurasa ule, wakapeana, wakaukunja. Hakuna aliyekumbuka kumwonyesha mfagiaji.

"Godoro wako yukoje?"

"Mwembamba, mpole. Anaandika mpaka unamwonea huruma. Lile kosa lake la kuvuta kiti kila Jumamosi, nimesugua mikwaruzo mpaka nimekoma. Lakini kikombe chake anaosha mwenyewe."

"Wengine hawaoshi?"

"Mwanzoni waliacha chini ya viti kama wameagiza hotelini. Siku hizi karibu nusu yao wanaosha. Nikasema, basi, elimu imeanza kuwaingia."

Sajenti hakucheka, lakini aliinamia karatasi kwa muda. Akaomba mikono yake. Kucha zilikuwa fupi, nyeupe, zimeliwa na dawa. Kwenye bahasha ya vitu vyake simu ilikuwa ile ya vitufe, yenye tochi, isiyo na kamera.

"Bonyeza dole hapa, uthibitishe maelezo."

Mama Deki akabonyeza kwenye wino, kisha kwenye karatasi. Lilitoka doa la buluu tupu, bila mstari hata mmoja.

"Tena, mama."

"Utanibonyezesha mpaka kesho, mwanangu. Dawa ya choo ilishafuta yote. Hata kwenye kitambulisho walihangaika hivyohivyo."

*

Saa nane mchana mameneja wote thelathini, walioitwa kuhojiwa, walikuwa kolidoni. Sajenti alisimama karibu na ubao wa matangazo, hakumwuliza mtu neno. Msajili alikuwa kando yake na faili.

Wa kwanza kusogea alikuwa Bima. Akamwinamia Msajili. "Samahani, choo kiko wapi?"

"Kulia, mwisho."

Baada yake Saruji. Baada ya Saruji, mama mmoja mwenye mkoba mkubwa alimgeukia jirani yake akamwuliza kama yeye ndiye Sabuni, maana kwenye kundi la kazi za darasani wako pamoja. Jirani akasema yeye ni Benki, akauliza choo. Kufikia saa nane na nusu Sajenti alikuwa amepiga vijistari kumi na kimoja kwenye daftari lake.

"Miaka miwili, Msajili," alisema kwa sauti ya chini.

"Watu wazima husahau," alijibu Msajili, macho kwenye faili.

Godoro wa gazetini alikuwa mtu mkubwa, shingo imejaa kwenye kola. Alikaa mbele ya Sajenti na kikombe cha chai, akatazama saa yake mara mbili kabla hajaulizwa.

"Darasani unakaa kiti gani, mzee?"

"Kumi na saba."

"Unakipenda?"

"Sana. Kiko nyuma, lakini naona kila kitu. Mimi ni mtu wa kuona ubao wote, siyo nusunusu."

"Hakuna kinachokukinga?"

"Kitu gani kinikinge? Samahani, afande, wewe umesoma mpaka wapi?"

"Shule ya msingi tu, mzee."

"Ndiyo maana. Basi nikueleze polepole. Ijumaa nilikuwa mkutanoni. Gazeti limeandika. Umelisoma au nikusomee?"

"Nimelisoma. Ulikwenda na gari lako?"

"Nilipanda la mwenyekiti wa bodi."

"Na dereva wako?"

"Nilimpumzisha. Dereva naye binadamu." Akainuka. "Kuna mfagiaji amekamatwa na karatasi kwenye ndoo yake. Sisi hapa tunafundishwa kwamba tatizo lililokwisha kutatuliwa halitatuliwi tena."

"Mmefundishwa na nani hilo?"

Akafungua mdomo, akamtafuta mwalimu kichwani, hakumpata. "Wote," alisema. Akaondoka. Kikombe alikiacha sakafuni, chini ya kiti.

*

Jikoni kwa chuo Sajenti alipanga vikombe kumi na viwili kwenye sinia, akashuka nalo mpaka maegesho. Madereva walikuwa wamekaa kwenye kivuli cha bati, wengine kwenye ndoo zilizopinduliwa, mmoja kwenye tairi.

"Heee! Afande kapandishwa cheo, sasa anahudumia!"

"Kunywa, wewe. Ukinichekesha nakuandikia kosa la taa."

"Taa yangu nzima, mama. Mwenye hitilafu ni bosi, tangu asubuhi hawaki."

Wakacheka, wakapokea. Sajenti akaegemea nguzo ya bati, akawaangalia mikono. "Vikombe vya watu hivyo," alisema. "Mvirudishe visafi."

"Bomba liko wapi?" aliuliza mmoja, kijana mwenye kofia, mgeni pale.

"Nyuma ya jiko," alijibu mwenzake. "Fungua la kulia, la kushoto linakwama."

"Na usilikaze sana," aliongeza wa tatu, "Mama Deki anaa..."

Akanyamaza. Mmoja akajikohoza. Juu dirishani, mabosi wao walikuwa bado wanaelekezana choo.

Dereva mwembamba aliyekuwa kwenye tairi alikuwa ameshakwenda bombani na kurudi. Akakipindua kikombe chake kwenye sinia, maji yakidondoka. Kwenye ukingo wa sinia lilibaki kwa nukta moja dole gumba lake. Ukucha mweusi, umepasuka katikati.

"Jeki hiyo?" aliuliza Sajenti.

"Mlango wa gari, afande. Miezi miwili sasa."

"Unamwendesha nani?"

"Wa magodoro."

"Njoo juu kidogo."

Darasani hapakuwa na mtu. Sajenti alisimama mlangoni, akasema tu, "Kaa." Viti vilikuwa thelathini. Yule dereva akaenda moja kwa moja mpaka kona ya nyuma, akashika mgongo wa kiti namba kumi na saba, akakivuta kushoto. Miguu ya kiti ikapita kwenye mikwaruzo yake kama tairi kwenye njia ya tope. Ndipo akauona mkono wake mwenyewe. Akauondoa, akabaki amesimama.

"Kaa, kaka. Umeshakivuta."

Akakaa.

"Pale ubaoni pana nini?"

Somo la wiki iliyopita halikuwa limefutwa. Dereva akatazama kando ya nguzo. Ilichukua muda, lakini alipoanza kusema sauti yake ilikuwa nyingine. "Ni mfano wa kiwanda cha viatu. Kinauza sana lakini kinakufa, kwa sababu wanaoshona hawaulizwi kitu. Ule mstari wa tatu Profesa alikosea, nikanyoosha mkono. Alisema, 'Godoro, darasa zima likupigie makofi.'"

"Wakapiga?"

"Wakapiga."

Sajenti akaweka mfuko wa plastiki juu ya dawati. Dereva akaitazama karatasi, akalitazama dole lililokuwa kwenye pembe. Polepole akaweka la kwake kando ya lile.

"Anza na mwanzo."

"Bosi alikuja siku ya kwanza tu, siku ya kupigwa picha. Wiki ya pili akaniambia, kaa ndani usaini, mimi nina kazi. Nikakaa nisaini. Kukaa bure sijui, nikasikiliza. Mtihani wa kwanza akasema nikajaribu. Nikapasi. Nimefanya kumi na mmoja, afande. Hakuna niliofeli."

"Yeye alikuahidi nini?"

"Akipata shahada anakuwa mkurugenzi, mimi naachana na usukani, nakuwa msimamizi wa ghala. Halafu likatangazwa lile la orodha yenye picha. Akasema, lete maswali au lete funguo za gari."

"Ukaleta maswali."

"Ufunguo wa kabati nauona kila nikikaa kwenye lile benchi. Nikapiga picha, nikachapa kazini, yeye simu haisomi, macho yake mabovu. Jana asubuhi kelele zilipoanza alitoka ukumbini anatokwa jasho, akanipa karatasi, akasema ipoteze. Humu ndani kabati moja tu huwa wazi mchana. Mkoba wangu huwa nauweka humo."

"Kwenye ndoo."

"Huwa anakusanya karatasi zote Jumamosi anazitupa. Nilijua hatasoma. Nilidhani..." Akasita. "Nilikuwa pale chini walipomtoa. Alinipungia mkono. Alidhani nimekuja kufanya mtihani."

"Ukafanya nini?"

"Nilimpungia."

Kelele za magari zilisikika kutoka barabarani. Sajenti akafunua ukurasa mpya.

"Nikasema nitasema jioni. Jioni nikasema asubuhi."

Akamwandikia maelezo, ukurasa na nusu, akamsomea. Dereva akachukua kalamu kusaini. Mkono ulikwenda wenyewe: herufi kubwa yenye mkia, duara mbili, mstari chini. Akaacha katikati, akakata kwa mstari, akaanza tena na saini ndogo ya kitoto iliyopinda.

"Samahani," alisema. "Miaka miwili nimesaini ile tu."

Sajenti akalifunua daftari la mahudhurio. Saini iliyokatwa ilikuwa humo, Jumamosi na Jumapili, kurasa zote.

*

Ofisi ya Profesa ilikuwa na zulia na kiyoyozi, na ukutani maneno makubwa ya fremu yaliyosema kwamba kiongozi hajifichi nyuma ya walio chini yake. Profesa alisoma karatasi zote, moja baada ya nyingine, bila kuruka mstari. Godoro mkubwa alikuwa kwenye kochi. Msajili alisimama, na dereva karibu na mlango.

"Mwizi ni huyo," alisema Godoro. "Amekiri. Mfungeni, twende nyumbani."

"Maswali alikuwa anamwibia nani, mzee?" aliuliza Sajenti. "Mtihani wa jana yeye asingeruhusiwa kuufanya."

"Mwulize mwenyewe."

"Nimemwuliza. Ukurasa wa pili."

Profesa akainua kidole. "Hii ikifika mahakamani, Sajenti, hakimu atauliza ile kumi na mmoja ilifanywa na nani."

"Atauliza."

"Na hawa wengine."

"Walioulizia choo nilihesabu kumi na mmoja pia. Naweza kuwaita madereva waje waketi. Kila mmoja atakwenda kwenye kiti chake."

Profesa akavua miwani, akaifuta kwa muda mrefu. Halafu akavuta karatasi yenye nembo ya chuo. Kalamu yake haikusimama hata mara moja. Alipomaliza akaigeuza ili Sajenti aisome. *Chuo kinaondoa malalamiko. Hakuna mali iliyopotea. Jambo hili ni la ndani na limemalizwa.*

"Na mtihani?"

"Utarudiwa. Safari hii watapewa maswali wakaandikie nyumbani."

Godoro akapumua kwa sauti, kama kitu kilichokaliwa kikaachiwa.

Sajenti akampigia simu Mkuu wa Kituo hapohapo, akamweleza kwa maneno machache. Upande wa pili palikuwa na redio na kelele za watoto. "Mlalamikaji hayupo, kesi utaifungua na nani?" alisema Mkuu. "Mtoe mama wa watu akapumzike. Kazi nzuri, Taratibu."

"Kuna maelezo ya udanganyifu, mkuu. Yamesainiwa."

"Yaweke kwenye faili. Funga faili."

Akakata simu. Godoro alikuwa ameshasimama. Alimwendea dereva, akanyoosha mkono, kiganja juu. Dereva akatoa funguo za gari mfukoni, akaziweka pale.

"Nilikufanyia kumi na mmoja, bosi," alisema.

"Na wa kumi na mbili ukanikamatisha." Akatoka.

Sajenti akakunja barua ya Profesa. "Mama Deki anarudi kazini kesho?"

"Ningependa," alisema Profesa. Alikuwa bado na maelezo ya Mama Deki mkononi. "Lakini alifungua ofisi ya mitihani bila ruhusa. Siyo mimi ninayesema, amekiri mwenyewe. Ni hapa, mstari wa tisa. Una mwandiko mzuri, Sajenti. Unasomeka."

"Ndio ushahidi uliomtoa huo."

"Ndiyo. Umemtoa."

Msajili aliwasindikiza mpaka ngazi. Alipofika kwenye kabati la mafagio alisimama, akajaribu kitasa. "Ufunguo anao," alisema bila kumtazama mtu. "Utuletee."

*

Saa kumi na mbili kasoro Mama Deki alisimama kaunta ya kituo. Askari wa zamu akammwagia vitu vyake: ndala, mtandio, simu ya tochi, ufunguo mmoja wenye kamba ya plastiki ya buluu.

"Bonyeza dole hapa umepokea."

Akabonyeza. Askari akalitazama lile doa, akaligeuza daftari. "Dole gani hili? Halina mwenyewe."

"Lina mwenyewe," alisema Sajenti. Akasaini kando yake.

Mama Deki akajitanda. "Ulimpata?"

"Nilimpata, mama."

"Akasema nilimfungulia?"

"Alisema. Kama ulivyosema wewe, neno kwa neno."

"Unaona? Nilikwambia si mtu wa uongo." Akavaa ndala ya kushoto, akaitafuta ya kulia kwa kidole cha mguu. "Sasa acha niwahi. Nikimkuta jirani bado yupo, namgeuza mama, namwosha, saa kumi na moja alfajiri natoka. Na lile kolido leo wamelipita na viatu watu wote wale, hata sitaki kuliwaza."

Akachukua ufunguo, akaanza kuufunga kwenye pembe ya mtandio.

Sajenti akanyoosha mkono juu ya kaunta, kiganja juu.

Mama Deki akakitazama kile kiganja. Fundo lilikuwa limefika nusu.

"Ni kwa sababu ya ule mlango?"

"Ndiyo, mama."

"Ule niliokwambia uandike."

"Ndiyo."

Askari wa zamu alijitia kupanga kalamu. Mama Deki akalifungua fundo bila haraka. Akaupangusa ufunguo kwa mtandio, upande huu, akaugeuza, na upande ule. Ndipo akauweka mkononi mwa Sajenti.

"Ile ndoo ya deki ina maji ya juzi," alisema. "Waambie wayamwage. Yatanuka."